Mkaguzi wa Saa Sita

Jumatano ya kwanza ya mwaka 1954, saa nne asubuhi, lori la kutoka Bunagana lilisimama kwenye kizuizi cha kuingilia Goma, na Donatille akashuka amekumbatia kibuyu cha samli. Alikuwa amemaliza likizo ya Noeli kwa mjomba wake huko Bufumbira, upande wa Uganda. Likizo yenyewe ilikuwa kisingizio tu. Mama yake, Nyiramahirwe, alikuwa mahututi nyumbani Goma, na katika ukoo wao mtu hufa vizuri akilambishwa samli ya ng'ombe wa nyumba alimozaliwa. Asiyelambishwa hasahau kitu kingine chochote, ila njia ya kwenda kwa wazee wake waliotangulia.

Karani wa kizuizi aliitwa Adalbert, na alikuwa na kalamu mbili mfukoni. Alifungua kibuyu, akanusa.

"Mama, sertifika ya munganga wa ngombe iko wapi?"

"Ngombe haikukuwa mugonjwa, papa. Mugonjwa ni mama yangu."

Adalbert alimwonyesha ubao. Nyama, maziwa, samli na jibini kutoka nchi ya kigeni haviingii bila karatasi yenye muhuri wa zambarau, kwa sababu ya maradhi ya mifugo. Maradhi yalikuwa ya kweli, hakuna aliyebisha. Dakika hiyo hiyo gari la Wazungu waliotoka mapumzikoni Uganda lilipita na jibini nzima kwenye kiti cha nyuma, na Adalbert akalivulia kofia.

Vitu vilivyokamatwa vilipaswa kuchomwa moto. Adalbert alivipeleka nyumbani kwake. Samli ile aliila kwa viazi vitamu siku mbili, akamalizia kwa kupangusa kibuyu kwa kidole.

Nyiramahirwe alikufa Ijumaa, ulimi mkavu. Alizikwa Jumamosi baada ya misa. Jumatatu, saa sita mchana, aliingia nyumbani kwa Adalbert, akamsalimu mke wa karani, Perpétue, akavuta kiti, akaketi. Njia ya kwa wazee hakuikumbuka, basi alikuwa ameifuata samli, na samli ilikuwa pale, tumboni mwa karani.

Adalbert alimega tonge la bugali.

"Karatasi iko wapi?" Nyiramahirwe aliuliza.

Tonge halikuanguka wala halikuingia. Lilisimama mbele ya meno mpaka mkono ukachoka. Perpétue alitazama kidogo, kisha akaendelea kula. Chakula chake yeye kilipita bila shida.

Adalbert alikuwa mtu wa ofisi, akaelewa upesi. Siku ya pili alikuja na sertifika ya maharagwe. Nyiramahirwe hakujua kusoma, lakini aliugeuza muhuri pande zote, akaukubali. Maharagwe yalipita. Chumvi haikuandikwa, kwa hiyo ilibaki nje, kwenye midomo. Tangu hapo karani alishinda akiandika karatasi za mboga, za muhogo, za maji ya kunywa, na nusu yake ilikataliwa. Alianza kufunga suruali kwa kamba. Majirani waliopita waliingia kumsalimu yule mama kwanza, kisha wenye nyumba.

Habari zilipomfikia Donatille, alifurahi. Hakuona haya. Alifua nguo akiimba. "Atafune upepo," alisema, na kila aliposikia mfupa mwingine wa Adalbert umejitokeza, moyo wake ulitulia. Lakini alipoketi peke yake alikumbuka kwamba mama yake hajafika kwa wazee. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu asiye ndugu, mchana baada ya mchana, na hilo lilimuuma vibaya.

Mwezi wa pili Adalbert alimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo.

"Mama, enda Bufumbira ulete mafuta ya ngombe ingine. Nitaipitisha miye mwenyewe. Akilamba, ataenda."

"Utapitisha yangu tu, ao ya watu wote?"

"Ya wote hapana. Sheria ni sheria. Yako tu."

Donatille alitamani kumtemea mate. Alimeza, kwa ajili ya mama yake, akaongozana naye mpaka mezani.

"Mama," alisema, "nikuletee mafuta ya kwenu, uende kwa wazee?"

Nyiramahirwe alikuwa akikagua sertifika ya ndizi. Aliinua macho akatazama mlangoni, upande wa Bufumbira, na Donatille akaona jinsi alivyotamani kwenda. Aliona wazi kabisa.

"Nikienda," mama alisema, "nani atabakia hapa?"

Akairudisha ndizi. Wino ulikuwa hafifu.

Donatille alirudi akilia, na katika kilio hicho alikuwa na furaha kali ambayo hakuweza kuitenganisha na uchungu. Karibu na kizuizi alimkuta mwanamke wa Rutshuru ameketi kando ya barabara na kikapu kitupu. Alikuwa ametoka kwa dada yake Uganda. Nyama yake ya kukaushwa ilikuwa imechukuliwa asubuhi.

"Usilie," Donatille alimwambia. "Ile nyama haitapita mu koo yake. Mama yangu iko pale."

"Atanirudishia?"

"Hapana. Lakini hataikula."

Mwanamke alifikiri. Akapangusa macho, akauliza nyumba ya karani iko upande gani, kwa maana yeye pia alikuwa na mama mgonjwa wa kumwelekeza njia.