Jiko Nyuma ya Mawaridi

Miaka tisa Josepha alikuwa anachora Mlima Kilimanjaro. Mlima asubuhi, mlima jioni, mlima na tembo, mlima bila tembo. Watalii walinunua, hoteli za Moshi zilinunua, na yeye akafika mahali ambapo akiuona mlima wenyewe dirishani anageuza uso. Ndipo akampigia simu Kasmir, mtoto wa mama yake mkubwa, mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo.

"Kaka, naomba nije kwako wiki tatu nichore kitu kingine. Chochote kisicho na theluji."

"Njoo," Kasmir akasema. "Chumba kipo."

Akaja. Na jamani, mtu aliyekaa na bluu na nyeupe miaka tisa, ukamwachia Kariakoo saa moja asubuhi, umemwonea. Siku ya kwanza hakuchora hata mstari. Alisimama mbele ya fungu la shokishoki nyekundu mpaka mwenye mali akamuuliza, "Dada, unanunua au unazihesabu?" Akanunua. Akanunua na pilipili mbuzi za njano, na manjano mabichi ambayo ukiyavunja ndani ni rangi ya chungwa bivu, na ubuyu uliokolea rangi mpaka vidole vikabaki vyekundu siku mbili. Alirudi nyumbani kwa Kasmir, kwenye ghorofa kule Mchafukoge, na mifuko minne ya vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Wifi yake akabaki kushika kiuno na kucheka.

Siku ya pili akakutana na maua, na hapo ndipo alipokwisha kabisa.

Maua yalikuwa ya Bi Swaumu. Alikaa kwenye baraza la jengo lile lile lenye duka la Kasmir, kona ya ngazi, na ndoo zake za mawaridi, sinia la asumini, vilua na mafungu ya mrehani. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye mdomo. Akitunga vikuba vya kina mama wanaokwenda harusini, sindano ilikimbia bila yeye kuitazama, maana macho yalikuwa barabarani na mdomo ukimsema kila anayepita.

"Shikamoo mama," Josepha akasema. "Naomba nikae hapa nichore."

"Marahaba mwanangu. Kaa, lakini unichore mwembamba."

Josepha akakaa siku hiyo, na ya tatu, na ya nne. Ilipofika wiki ya pili alikuwa na kigoda chake pale, na kila asubuhi Bi Swaumu alimchomekea kikuba kidogo kwenye nywele kabla hajafungua daftari. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Huko kwao watu walimwuliza picha inauzwaje. Huyu alimuuliza amekula nini.

Baraza lile Bi Swaumu alilipata kwa mama yake. Mwenye jengo, Mzee Zahoro, alimpa mama huyo, sasa marehemu, pahali pale kwa mdomo tu, bila karatasi, kwa sharti moja: uza maua, wewe na wanao baada yako, ila moto usiwashe. Nyumba ya baba wa Mzee Zahoro, iliyokuwa hapo hapo kabla ya ghorofa, iliungua na watu ndani. Mzee hakutaka kuona hata kiberiti.

Sasa, siku ya tisa, Josepha alisogeza kigoda apate kivuli, akaona nyuma ya ndoo za mawaridi kuna kanga imening'inizwa, na chini ya kanga kuna mwanga mwekundu. Badria, binti wa Bi Swaumu, alikuwa amechuchumaa nyuma yake na jiko la mkaa, anakaanga kachori. Ameachika mwaka jana, ana watoto wawili. Anakaanga pale kwenye kona, kisha anazitia kwenye deli lake na kwenda kuuzia ng'ambo ya barabara. Akitokea Mzee Zahoro au Kasmir, Bi Swaumu anakohoa na kanga inashuka mpaka chini.

Bi Swaumu alimshika Josepha mkono.

"Mwanangu, chora vyote," akasema. "Hilo jiko usilichore."

"Sitalichora, mama," Josepha akajibu. Na siku ile alimaanisha.

Lakini Josepha alikuwa na kasoro moja, na tuiseme sasa ili tusimwonee huruma bure: kitu kizuri kikimwingia machoni hakimtoki mpaka akitoe kwa mkono. Makaa mekundu nyuma ya mawaridi mekundu, na kanga ya njano katikati, na uso wa Badria unang'aa jasho. Usiku mmoja alijizuia. Jumamosi mchana alijifungia chumbani Mchafukoge, akaichora yote kwa kumbukumbu: ngazi, ndoo, kanga, jiko. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora, na yeye alilijua hilo. Akajiambia ni ya kwake tu, hatamwonyesha mtu.

Kesho yake, baada ya kutoka kanisani, akamwonyesha Kasmir.

Kasmir aliitazama kwa utulivu, anamenya chungwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akimwita Bi Swaumu "mama yangu" na kununua kwake mawaridi ya mkewe kila Jumamosi. "Umebarikiwa, mdogo wangu," akasema. "Na hili jiko, lipo kweli au umeliongeza picha ipendeze?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa. Angesema ameliongeza, yangeishia hapo. Lakini ameulizwa kama fundi, akajibu kama fundi, kwa majivuno.

"Mimi sichori kitu ambacho sijakiona."

Kasmir akala kipande cha chungwa. "Nipe hii basi, niitie fremu, niitundike dukani. Watu wajue nina ndugu msanii." Josepha akampa kwa mikono miwili, na furaha ikamfanya alale usingizi mzito wa mchana.

Jumanne akiwa kwenye kigoda chake, akamwona Mzee Zahoro anakuja na fimbo yake, na Kasmir pembeni amemshika mkono kwa adabu. Bi Swaumu akakohoa. Kanga ikashuka. Mzee hakusalimia. Alitoa karatasi mfukoni mwa kanzu, imekunjwa mara nne, akaikunjua, akaitazama, akazipita ndoo moja kwa moja na kuinua kanga kwa fimbo. Badria alikuwa na kachori mkononi.

"Sharti lilikuwa moja, Swaumu," Mzee akasema. Alionekana mwenye huzuni kuliko hasira. "Mama yako alilishika mpaka anakufa."

Bi Swaumu alikuwa anatazama ile karatasi. Alizitambua ndoo zake, akayatambua mawaridi, akamtambua na mtoto wake. Kisha akamgeukia Josepha. Hakutukana, na mdomo wote ule aliokuwa nao. Akaanza kumwaga maji ya ndoo. Kufikia adhuhuri baraza lilikuwa tupu.

Josepha alimkuta Kasmir dukani, ameshika futi ya kupimia na fundi wa rafu yuko naye. Akaelewa. Miaka yote jamaa alikuwa akiitaka ile kona.

"Umeniuza, kaka," akasema. "Nimekuamini, umeniuza."

"Sijamuuza mtu. Nimemwambia mwenye nyumba ukweli. Moto ungetuunguza wote." Kasmir hakuacha kupima. "Na aliyechora ni wewe."

Josepha akatoka, akarudi Mchafukoge kwa miguu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Kasmir akatoka roshani, kwenye chungu cha isale ambayo mama yake aliichukua kwao Marangu, akakata jani moja refu la kijani, akalifunga fundo, akaja kumpa Josepha kwa mikono miwili mbele ya mkewe. Kwa Wachaga hilo halina mjadala. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na isale haikataliwi. Kuna waliouliwa ndugu wakaipokea. Josepha aliliangalia lile jani kama anayepewa kitu cha moto, akalipokea. Mkono ulipokea, moyo ulikuwa unachemka.

"Yamekwisha," Kasmir akasema, akavuta kiti, akapaka mkate siagi. Chini kule Kariakoo fundi alishaanza kutoboa ukuta.

Josepha hakunywa chai. Alikata jani lingine kwenye chungu kile kile, akalifunga fundo mwenyewe, akaenda Magomeni kumtafuta Bi Swaumu, aliyehamishia maua kwa dada yake huko, akiulizia njiani.

Alimkuta barazani na ndoo mbili tu. Magomeni kila uani kuna mrehani na asumini zake, nani anunue? Mawaridi yalikuwa yameanza kuinamisha vichwa. Badria alikuwa mlangoni. Alipomwona akaingia ndani na kufunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu dada."

Dada. Karibu wiki mbili alikuwa mwanangu. Josepha akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akalitoa jani kwa mikono miwili. Bi Swaumu akalipokea, akaligeuza, akalinusa.

"Halinuki," akasema.

Josepha akamweleza. Akasema ni isale, ni jani la kwao, anayelileta anakiri kosa lake lote bila kujitetea, na kwamba jiko alilichora kweli, baada ya kukatazwa, na aliionyesha picha kwa majivuno yake mwenyewe. Akasema kwao mtu akipewa hilo hakatai.

Bi Swaumu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na kaka yako, yeye alikupa?"

"Alinipa, mama. Leo asubuhi."

"Ukapokea?"

"Nilipokea. Haikataliwi."

Bi Swaumu akaliweka jani mapajani kwa Josepha, taratibu, bila kulitupa, akaichukua sindano yake.

"Basi ninyi na jani lenu mmeshamalizana," akasema, na akaendelea kutunga asumini.