Bolti ya Kuazima

Asubuhi ya Jumanne ile fundi alitoka na chupa ya rangi nyekundu ya kucha ya mkewe mfukoni, naye mkewe akamkimbiza mpaka mlangoni.

"Wewe mwanaume! Hiyo ya tatu mwaka huu!"

"Nati zangu nazo zinataka kupendeza," alijibu bila kugeuka. Kisha, akiwa amekwishafika barabarani, akapaza sauti: "Ile bembea moja nimeitia bolti ya geti. Ya kuazima tu, wapaka rangi wapate kufanya kazi. Naenda dukani kuulizia bolti yake halisi!"

Mkewe hakumuuliza bembea ipi. Alikuwa bado na hasira ya rangi. Saa nne simu ikalia: mumewe ameanguka mlangoni pa duka la vifaa, hakuamka tena.

Watu walimwita Grisi, maana mikono yake haikutakata hata siku ya harusi. Alikuwa fundi wa uwanja wa michezo ya watoto. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mwekundu kwa rangi hiyo ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Bolti asiyoiamini hakuichora. "Sipambi bibi harusi ambaye wazazi wake hawajakubali," alikuwa akisema.

Wiki tatu zikapita. Mke wa Grisi, fundi cherehani, akarudi kwenye mashine yake, ila makalio hayakutulia kitini. Akishona pindo, anainuka kufunga dirisha lililofungwa. Chai inapoa, anaipasha, inapoa tena. Ijumaa alasiri mteja akaja kuchukua sare ya mwanawe.

"Fanya haraka, dada. Kesho saa tatu asubuhi wanafungua tena uwanja wa watoto, wamemaliza kuupaka rangi. Huyu mtoto hata kula hali, anawaza bembea tu."

Sindano ikamchoma. Aliiacha sare na upande mmoja wa pindo ukining'inia, akachukua mkoba, akatoka. Mteja akabaki amesimama kama amenyang'anywa kitu.

Uwanja mzima ulikuwa wa njano. Bembea sita, mabomba, minyororo, nati, vyote njano moja, kama vimechovywa kwenye ndoo. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

"Mama, pole sana," msimamizi wa uwanja alisema. Alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanawe, kalamu imechomekwa kwenye nywele. "Lakini zimekaguliwa. Fundi mpya kavuta kila mnyororo."

"Kavuta kwa mkono, mwanangu. Bembea moja ina bolti ya geti, na kesho watapanda wawili wawili, wamesimama."

"Bolti ya geti? Nani aliyeiona?"

"Aliniambia mimi."

Ndipo mlinzi, aliyekuwa akijifanya anafagia, akakohoa. "Shemeji, juzi kilikuja kifurushi alichoagiza Grisi duka la vifaa. Nilikiweka stoo, nikaona aibu kumpelekea mtu asiyekuwepo."

Akakileta; ndani mlikuwa na bolti moja mpya, nene kama kidole gumba.

"Moja," msimamizi alisema polepole. Mkono wake ukaenda kwenye kalamu, ukarudi. "Na bolti zinazoning'iniza bembea ni kumi na mbili. Fundi anarudi Jumatatu."

"Basi usifungue kesho."

"Mama, watu wameshaambiwa!"

"Basi nipeni ngazi. Ile isiyo na mstari chini ya njano ndiyo ya geti."

Mlinzi alishika ngazi. Mke wa Grisi alipanda na gauni lake la msiba, na dawa ya kufutia rangi ya kucha aliyoitoa mkobani. Akalowesha kitambaa, akasugua nati ya kwanza. Njano ikatoka, chuma kikabaki kitupu.

"Ndiyo hii! Haina alama!"

"Shemeji," mlinzi alisema, "hebu tazama kitambaa."

Kitambaa kilikuwa na njano, na katikati ya njano, wekundu. Alikuwa amefuta mstari wa mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa juu ya ngazi akikitazama, mpaka mlinzi akasema, "Teremka, nipande mimi."

"Wewe shika ngazi. Nipe kisu."

Tangu hapo alikwangua, kidogo kidogo, kwa ncha. Ya pili, wekundu. Ya tatu, wekundu. Kila mstari ulipotokea alishusha pumzi, halafu moyo ukaenda mbio upya, maana zilizobaki zilikuwa zinapungua na hatari haijapungua. Msimamizi alikuja akasimama, akaondoka, akarudi. Ya saba. Ya nane, wekundu umepinda, siku hiyo bila shaka mtu alimtania akacheka. Ya tisa alikwangua njano, akakuta chuma. Akakwangua upande wa pili. Chuma. Akazungusha kisu nati nzima.

"Haikupambwa," alisema.

Mlinzi alipanda na spana. Bolti ilitoka ikiwa nyembamba kuliko ile mpya, na sehemu iliyobeba mnyororo ilikuwa imeshaanza kulika.

"Wiki tatu tu, na hakuna mtoto aliyepanda?" msimamizi aliuliza.

Mlinzi akakuna kichwa. "Wapaka rangi walikuwa wanakula chakula cha mchana kwenye hizi bembea. Wanabembea kabisa, watu wazima na ndevu zao."

Msimamizi hakucheka. Aliichukua bolti, akaipima kiganjani, akaitia mfukoni. Kisha akamuuliza mke wa Grisi, kwa sauti ndogo, kama dukani bado wanauza rangi ile ile nyekundu ya kucha.

Bolti mpya ilikazwa jioni hiyo hiyo, na uwanja ukafunguliwa saa tatu kama walivyotangaza. Sasa kila Ijumaa, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake, mke wa Grisi hupita uwanjani. Fundi mpya hukaza, yeye huchora mstari, mlinzi hushika ngazi.