Medali Ndogo za Kapiteni Mbonigaba

Umurerwa alifika kwenye kituo cha afya, ng'ambo ya Kalembe upande wa Walikale, saa tatu ya asubuhi, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Burungu. Habari ilimfikia kwa wanawake wanaochuuza maharagi: kule kuna mwanaume aliyevunjwa taya kwa risasi, uso mzima umefungwa bendeji, hana nguo za jeshi wala karatasi. Kabla homa haijamzidi aliomba kwa ishara kipande cha karatoni, akaandika kwa Kinyarwanda: Burungu, mwiteni mama yake Tuyizere. Na Tuyizere njo huyu aliyekuwa mgongoni.

Maandiko hayo yalimleta mke, na maandiko hayohayo yalikuwa yanataka kumuua mume. Askari wa serikali walipoona ile lugha, ambayo adui pia anaisema, walisema huyu si wetu, huyu ni adui aliyevua nguo zake njiani. Na siku hiyo jeshi lilikuwa linahama. Dorothée, mwuguzi mnene mwenye sauti ya chini, alimvuta Umurerwa nyuma ya jiko akamweleza bila kuzunguka. Saa sita majeruhi waliotambuliwa kuwa wa jeshi watabebwa mpaka Walikale, huko kuna ndege. Asiyetambuliwa anabaki. Na vijana wenye silaha wa kule juu milimani, wanaowinda watu wa lugha ile, walikuwa wamekwisha kuuliza mara mbili yule wa bendeji analala kitanda gani.

"Uko na kitu cha kuonyesha?" Dorothée akauliza. "Foto? Kadi yake?"

Foto ziliungua pamoja na nyumba. Kitu kimoja tu alikuwa nacho, kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Afisa ana medali za aina mbili. Kuna kubwa za kuvaa mchana kwenye gwaride, na kuna ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, za kuvaa kwenye karamu. Zile kubwa za mumewe, Kapiteni Mbonigaba, zilipotelea Goma. Ndogo zilikuwa nne, zimeshonwa kwenye mstari mmoja, naye alizivaa mara moja tu, siku ya ndoa yao. Mama yake, Thacienne, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema serikali imemlipa mwanawe kwa vifungo vya blauzi.

Vita vilipopanda Burungu, Umurerwa alizificha kwenye chungu cha mbegu. Maharagi ya mbegu kule kwao huchanganywa na majivu ya maganda ya ndizi ili wadudu wasiyatoboe, na askari wa kila upande wamekula mbuzi, wamekula kuku, wamekula maharagi ya chakula, lakini mbegu zilizojaa majivu wameziacha. Aliwaza vizuri. Alichosahau ni kwamba majivu hayohayo njo wazee wanapikia sabuni. Paa likavuja, chungu kikaingia maji. Alipozichimbua medali, zile riboni za kitambaa zilizokuwa nyekundu, kijani, manjano na buluu zote zilikuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Na kwa medali, rangi njo kila kitu. Rangi njo inasema hii ni ya wapi na ile ni ya nini.

Major Edmond alikuwa ameketi mbele ya duka la dawa, meza imejaa orodha. Alizipokea medali, akazigeuza, akamwangalia mwanamke.

"Hizi zote ni rangi moja, Mama. Umezifua na sabuni gani?"

Askari wawili wakacheka. Umurerwa akaeleza habari ya majivu, wakacheka tena. Major alisema alimjua kweli Mbonigaba mmoja, zamani, lakini huyo ameandikwa kuwa amekimbia. Jina kila mtu anaweza kulitaja. Medali kila mtu anaweza kumvua maiti. Akazisukuma kando, akashika kalamu.

Umurerwa hakuondoka. Akaweka kidole kwenye ya kwanza, akaanza kusema, haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa. Hii ni ya miaka mitano ya jeshi, alipewa angali luteni, akaenda nayo kanisani kuombewa. Hii ya pili ni ya damu. Ni risasi ya Shasha, barabara ya ziwani, ilipita kwenye paja, wavuvi wakamvusha kwa mtumbwi chini ya nyavu za samaki, akanuka wiki nzima. Ya nne ni ya miaka kumi.

"Umeruka ya tatu," Major akasema bila kuinua macho.

Aliiruka kwa makusudi. Ya tatu ilikuwa ya kilima cha juu ya Kalembe. Karatasi ya jeshi ilisema kampani mbili zilikiteka kwa ushujaa mkubwa. Mbonigaba alimwambia mkewe ukweli mara moja tu, Tuyizere akiwa tumboni, akamwapisha kwa tumbo lile. Akasema: siku utakayoisema, ujue umenizika.

Alirudia yale ya karatasi. Major akatikisa kichwa: hayo yalisomwa hata kwenye redio. Wabebaji walikuwa tayari wanafunga miti ya tipoyi, machela za kubebea majeruhi, uani. Nyuma ya turubai, hatua tatu kutoka mezani, mwanaume wa bendeji alikohoa. Umurerwa alikijua kikohozi kile kama anavyojua kilio cha mtoto wake.

Akainama juu ya meza.

"Kule juu hakukuwa adui," akasema kwa sauti ndogo. "Adui aliondoka usiku. Kulikuwa ukungu. Kampani ya bwana yangu ilipanda huku, ingine ikapanda kule, wakapigana wao kwa wao mpaka jua likatoka. Watu tisa. Komanda wa ile ingine njo alitokea mikono juu, akilia, ni sisi, ni sisi. Wakapatana wawili namna ya kuandika. Bwana yangu hakuniambia jina lake."

Kalamu ya Major ilisimama. Aliwatuma wale askari wawili wakatafute maji, wote wawili, kwa dumu moja. Walipotoka, Umurerwa akaelewa amemwambia nani: yule komanda aliyelia njo huyu. Mikono yake ikaenda nyuma yenyewe, ikamshika mtoto. Alikuja kuokoa mtu mmoja, na labda sasa amewaweka watatu mikononi mwa huyu.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna, Papa. Leo njo mara ya kwanza."

Major akachukua kisu kidogo, akakata uzi, akaitoa medali ya tatu, akaitia mfukoni. Alifanya polepole, kama anayetoa mwiba. Halafu akaandika kwenye orodha, herufi kubwa, na kumgeuzia karatasi asome: KAPITENI MBONIGABA.

"Ile kilima ilitekwa, Mama. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Saa sita wakamtoa. Macho tu njo yalionekana kati ya bendeji, na yalikuwa wazi, yamelowa, hayana homa tena. Turubai haizuii sauti; alikuwa amesikia yote. Umurerwa alimshika mkono, naye akauvuta polepole, akauficha chini ya blanketi.

Wabebaji wanne wakainua. Dorothée akampa Umurerwa chupa ya maji na ndizi mbili, akamsukuma begani kidogo, nenda. Njia ya Walikale ilikuwa tope tupu. Umurerwa alitembea upande wa kulia wa tipoyi akimwambia mumewe kwamba Tuyizere ameota meno mawili ya chini, kwamba anauma kila kitu, amemuuma hata bibi yake Thacienne. Mbonigaba akageuza macho upande wa kushoto, msituni. Umurerwa akapita nyuma ya wabebaji, akaja upande wa kushoto. Mbonigaba akayafumba.

"Na ameanza kusimama," Umurerwa akaendelea. "Anashika ukuta, anasimama."