Wimbo wa Kupeleka Ng'ombe Mtoni

Wiki ya sita sasa Levina alikuwa akimwimbia mzee Makoye, na mzee alikuwa hajatoa hata neno moja. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Mkewe, Mbuke, hakuomba makubwa. "Mwalimu, aniite jina langu tu. Mara moja inatosha."

Levina alikuwa muuguzi mstaafu, mwalimu wa kwaya hapo Ifakara. Tiba kwa muziki alijifunza uzeeni, kwa simu, pamoja na wenzake kumi na wawili waliotawanyika nchi nzima. Kila Jumanne saa moja jioni aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akawasha kamera.

Jumanne hiyo ilikuwa zamu yake kueleza kazi yake. Jina la mgonjwa hakulitaja. Ndiyo sheria ya darasa. Akawasikilizisha sauti aliyorekodi kwa ruhusa ya Mbuke: yeye mwenyewe akiimba wimbo wa Mama Maria, beti zote nne, na kayamba juu yake.

Mkufunzi wao, Bi Rosemery, aliusikiliza hadi mwisho. "Dada Levina, sauti yako inaliwaza. Mgonjwa wako ni Mkatoliki?"

"Hapana. Ni Msukuma, mfugaji. Kanisani hajaingia hata siku moja."

"Sasa huo wimbo ni wa nani?"

"Ni wa mazoezi ya kwaya ya Jumapili," alidakia Viktor wa Mbeya. Wakacheka wote. Levina naye alicheka, ingawa uso ulimwaka.

Simu ilipozimwa alipiga magoti palepale. Wiki zote alikuwa akimwomba Mungu amfungue mzee ulimi. Leo aliomba, "Bwana, nifungue mimi masikio."

Kesho yake asubuhi alifika bila kayamba. "Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Makubwa. Leo umekuja Msukuma?" Mbuke alimtania.

"Nimekuja mwanafunzi. Mzee alikuwa anaimba nini zamani?"

"Huyu? Aliwaimbia ng'ombe tu, akiwapeleka mtoni. Mimi miaka arobaini sijaimbiwa."

"Basi imba huo wa ng'ombe."

Mbuke aliona haya, akafunika mdomo kwa khanga, kisha akaimba. Ulikuwa mfupi, wa mwendo wa kwato, na mwisho wake aliita jina la ng'ombe. Levina alishika mkono wa kushoto wa mzee, ule usiougua, akawa anampigapiga kiganjani taratibu, akifuata mwendo ule. Mara ya tatu, kabla ya lile jina, aliinua kidole.

"Usimalizie. Mwachie."

Wakangoja. Midomo ya mzee ilicheza.

"Ma... gu."

Levina alimgeukia Mbuke.

"Magu ni fahali wake," Mbuke alisema, machozi yakimtoka. "Ndiye alikuwa akiongoza kundi. Miaka arobaini, mwalimu, na bado ng'ombe kwanza."

"Rudia. Safari hii mwishoni liwe jina lako."

Mbuke aliimba mara mbili akijitaja mwishoni, ya tatu akakata kabla ya jina. Kiganja cha mzee kilikuwa kimeanza chenyewe kupiga mwendo. Levina alifumba macho, akasali Salamu Maria moja, akaanza ya pili.

"Mbu... ke."

"Abee," aliitika Mbuke haraka, kama aliyeitwa akiwa uani, akasogea karibu kumsikiliza mumewe anataka nini.