Zamu ya Kufua ya Alhamisi

Mastula alikuwa na zamu ya kufua kila Alhamisi, saa kumi hadi saa moja jioni, katika chumba cha chini cha jengo lao pale Vårby gård, Uswidi. Alhamisi hiyo alitia mashuka kwenye mashine namba mbili, akamimina sabuni, akafungua mlango wa chumba cha kukaushia nguo. Akakuta uchochoro wa mawe na kondoo wanapelekwa hekaluni. Aliurudisha mlango, kwa sababu vumbi na nguo mbichi havipatani.

Wiki ya pili kulikuwa na misalaba juu ya makuba. Wiki ya tatu misalaba ilikuwa imeshushwa, na adhana ilisikika mpaka kwenye ngazi za jengo. Mastula, mzaliwa wa Masaka aliyesoma madrasa, alijua ni Baitul Maqdis. Kuria wa ghorofa ya pili, mzee wa kanisa ambaye zamu yake ilifuata, alisema ni Yerusalemu. Hawakubishana. Kuria alikuwa na neno moja tu.

"Dada Mastula, ukimaliza, fagia. Mashuka yangu ya wiki jana yalitoka na mchanga."

"Pole, mzee. Walikuwa wameuzingira mji."

"Hata kama."

Ng'ambo ya mlango, hatua kumi mbele, palikuwa na askari. Kila wiki alivaa vazi la karne nyingine na kufuata dini ya mabwana wengine, ila kazi yake haikubadilika: meza, orodha, na swali la unatoka wapi. Mastula alimwonyesha pasipoti yake ya Uswidi. Karne zote ziliiheshimu.

Wiki ya sita zilitokea nyaya za umeme na redio dirishani. Mastula alipanda ghorofa ya nne kumwita Mzee Zaid, aliyezaliwa katika mji ule. Akiwa mtoto, Zaid alipelekwa kwa mjomba wake ng'ambo ya mto, akae siku chache. Vita vikaja, waliobaki mjini wakahesabiwa kuwa ndio wakazi, naye hakuwepo. Tangu hapo kila ombi lake la kurudi lilikataliwa, hata lile la kwenda kumzika mama yake. Aliposikia kwamba safari hii kuna redio dirishani, alivaa viatu akashuka.

Askari alilitafuta jina lake kwa adabu, ukurasa kwa ukurasa.

"Halimo," alisema. "Bibi huyu anaweza kupita."

"Nyumba ya tatu kushoto," Zaid alimwambia Mastula kwa Kiswidi. "Nitazamie tu kama mama ni mzima."

Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa anaoka mikate. Kiarabu cha madrasa kilitosha kwa salamu na zaidi kidogo. Alimpa Mastula chai, akaeleza kwamba mwanawe yuko kwa mjomba, atarudi Ijumaa, na mtoto yule kwa mkate hana mchezo. Mastula alitaka kumwambia, akashindwa.

Walipotoka hadi kizingitini, mwanamke alimwona Zaid amesimama nyuma ya meza ya askari, kichwa chote mvi. Alimtazama kitambo.

"Yule babu amesimama tangu lini? Maskini, hana hata mtoto wa kumtafutia kiti? Mpelekee huu, bado wa moto."

Zaid aliula mkate kwenye benchi kando ya mashine, polepole, akilia waziwazi. Mastula aliketi karibu naye akikunja nguo. Saa moja kamili Kuria alifika na kapu lake, akawaona, akarudi kusubiri kwenye ngazi.

"Amesemaje?" Zaid aliuliza.

"Amesema utarudi Ijumaa."

Ijumaa Zaid alishuka mapema. Ilikuwa zamu ya watu wa ghorofa ya kwanza. Alifungua mlango wa chumba cha kukaushia, akakuta soksi za watoto zimeanikwa. Alisimama pale mpaka zikakauka.