Amana Chini ya Kitanda

Kuna watu hufungwa na polisi, na kuna watu hufungwa na sifa zao njema. Orpa alikuwa wa kundi la pili, na nionavyo mimi wale wa kwanza wana afadhali, kwa maana siku yao ya kutoka hutajwa mahakamani.

Kifungo chake kilikuwa kimefukiwa chini ya kitanda, katika nyumba ya udongo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: sarafu za fedha. Si hela za kununulia chumvi, bali fedha yenyewe, madini, sarafu nene za ng'ambo ambazo wenye nacho huziweka kama wengine wanavyoweka ng'ombe. Mwenyewe alikuwa Vénant, jirani yake tangu kwao Uvira, Kongo, aliyehamia mji wa Mbarara kufanya biashara. Mtaani kwake Nyamityobora, alidai, wezi wanajua hata rangi ya shuka lako. Akamletea Orpa, kwa sababu kambi nzima ilijua kwamba Orpa hali cha mtu.

"Ni kwa muda tu, dada," alisema.

Muda ukazaa miaka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mgeni huyu alimtia mwenyeji ugonjwa. Orpa aliacha kwaya, maana kanisa lilikuwa mbali na nyumba. Msibani alikaa karibu na njia, akainuka kabla ya chai. Siku ya kugawiwa chakula alisimama kwenye foleni roho iko nyumbani. Dada yake mkubwa, Madeleine, alikuwa na chumba cha ushonaji huko Ruti, mtaa mwingine wa Mbarara, na nafasi ya Orpa ilikuwa inamngoja. Kila Madeleine alipopiga simu, jibu lilikuwa lile lile: bado kidogo. Orpa alilichukia jibu hilo. Alitaka kwenda. Tenda wema nenda zako. Wema alishautenda, kwenda ndiko kulikomshinda.

Asingezibeba tu mpaka Ruti? Chumba cha Madeleine kilitazama barabara, wateja wakiingia na kutoka kutwa nzima, na Vénant alishasema hazitaingia mjini mpaka mnunuzi apatikane.

Kisha mvua zikaja, maji yakapenya chini ya ukuta. Orpa akaogopa unyevu. Akazitoa sarafu kwenye vikopo vyake vya plastiki, akazitia ndani ya mpira wa tairi la baiskeli, akafunga ncha zote mbili kwa kamba na kuzifukia upya. Maji yasingepita hapo, na kweli hayakupita.

Asubuhi moja Vénant akapiga simu. Mnunuzi amepatikana, zilete kesho kwa Hudu, sonara wa Nyamityobora. Orpa alipiga kigelegele peke yake chumbani. Akafukua, akafungua mpira. Sarafu zilikuwa nyeusi kama sufuria za matanga.

Sasa, kwao, ukiazima sufuria ya mtu kwa harusi au msiba, huirudishi na masizi. Unaisugua kwa majivu na mchanga mpaka mwenyewe auone uso wake, na mama asiyefanya hivyo husemwa mpaka kisimani. Ndivyo Orpa alivyolelewa. Akafunga mlango mchana kweupe, akachukua majivu, mchanga na kipande cha gunia, akasugua mpaka viganja vikachubuka. Zikang'aa! Aliona aibu imemwepuka. Akafungasha na nguo zake, maana kutoka kwa sonara angepitiliza hadi Ruti. Kesho yake, gari lilipopita Kaberebere njiani, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, mtu mzima, bila kumwonea haya dereva.

Hudu alitia kioo chake jichoni, akageuza sarafu ya kwanza, akageuza ya pili.

"Nyabo, hii nani nasugua?"

"Ni mimi, papa. Nilizifunga mu mpira, zikakuwa nyeusi sana. Kwetu haturudishake kitu ya mutu na buchafu."

"Ile nyeusi haina shida. Mpira ndiyo naleta ile. Ungeleta hapa, mimi natoa na magadi na maji ya moto, bila kusugua. Lakini hii mchanga nakula uso yake. Ona."

Orpa akaona. Chini ya kioo kila sarafu ilijaa mikwaruzo, kama mgongo wa punda.

"Mununuzi alitaka kama imetoka kiwanda leo," Hudu akamwambia Vénant, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Sasa bei iko ya kuyeyusha tu."

Orpa aliona haya, na chini ya haya palikuwa na kitu kingine, tumaini baya. Nitukane, aliomba moyoni. Niite mjinga mbele ya watu, uninyang'anye vitu vyako, mimi niende zangu.

Vénant alizihesabu sarafu. Akazihesabu tena, na uso wake ukalainika.

"Hakuna hata moja yenye kupotea," akasema. "Miaka hii yote, mu kambi, fasi yenye njaa vile, na hakuna hata moja! Dada Orpa, batu kama weye habako mingi."

"Papa Vénant, nimeziharibu."

"Ndiyo, umeziharibu. Kwa bei ya kuyeyusha siuzi. Tungoje mpaka fedha ipande bei, nipate kurudisha kile kimepotea." Akazirudisha moja moja kwenye mfuko aliokuja nao Orpa, akaufunga mfuko vizuri, akamwekea mikononi. "Safari hii usizifunge mu mpira. Na usizisugue."

Neno la Orpa lilikuwa moja tu, sitaki. Aliyeharibu mali ya mtu akasamehewa atasemaje sitaki?

"Aksanti, papa," akasema.

Alikuwa ameshaketi kwenye gari la kurudi Nakivale, mfuko mapajani, wakati simu ilipolia.

"Uko wapi?" Madeleine aliuliza. "Chakula kinapoa."

"Yaya," Orpa akamwambia dada yake, "usiningoje tena. Tafuta mutu mwingine wa kushona."