Mgebuka wa Gizani kwa Epifania

Elisante alikuwa tabibu kutoka Same aliyepangiwa kazi Kibondo, na kwa mwaka mzima alikuwa akimpenda Careen, muuza vitenge wa sokoni. Machi 2014 wazazi wa Careen walikubali kuja kutoka Kasanda kumwona kijana huyo. Baba, mzee Niyonzima, na mama, Veronica, waliingia Tanzania kutoka Burundi wakiwa vijana. Uraia walishapata, shamba walikuwa nalo, lakini adabu za kwao hawakuziacha njiani. Mojawapo ni kwamba mama hali chakula mbele ya mkwe wake. Hamtazami usoni, na mkwe naye hamtazami.

Kwa hiyo mambo yalipangwa mapema. Wangekula jioni kwenye mgahawa wa Epifania. Mzee, Careen na Elisante mezani, Veronica jikoni. Veronica aliingia kitenge amekishusha hadi kwenye nyusi, akapokea shikamoo ya Elisante huku akitazama ukuta, kisha akapitiliza jikoni. Elisante alimnong'oneza Careen kwamba mama yake atakuja kumjua kwa viatu tu. Careen alimkanyaga anyamaze.

Mvua ilianza sinia la ugali na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, likiwekwa mezani. Epifania akafunga madirisha yote ya mbao. Radi ilipiga, jenereta ikakohoa huko nyuma, ikazimika. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba ukiinua kiganja mbele ya pua hukioni. Wateja wa meza ya pili, walimu wawili na dereva wa lori, wakaanza kupapasa mifukoni watoe simu wawashe tochi.

Ndipo sauti ya Veronica ikatokea mlango wa jikoni. "Msiwashe."

Mumewe akamuuliza kuna nini.

"Mimi mkwe wangu namwona?"

"Humwoni," alisema mzee.

"Na yeye ananiona?"

Elisante alijibu mwenyewe kwamba haoni hata kidole chake.

"Basi nipisheni nile na wenzangu. Jikoni kuna moshi."

Mzee Niyonzima alipekua kichwani kama kuna mahali wazee wake walipotaja giza. Hakupata. "Ego," alisema mwishowe, ndiyo ya kwao. Epifania akatangaza kwamba atakayewasha simu atakula nje kwenye mvua. Walimu wakazirudisha zao mifukoni wakicheka, dereva akauliza ni nani ameshika mkono wake.

Veronica alikuja kwa kupapasa. Alimkanyaga mwalimu mmoja, akaiomba radhi nguzo. Careen alimwachia kiti chake, akahamia upande wa baba yake. Elisante alisikia viti vikikwaruza sakafu, asijue ni nani amekaa wapi.

Wakaanza kula. Mikono ilikutana juu ya ugali wa muhogo, ikaombana samahani, ikakutana tena. Mzee aliomba bakuli la maji aoshe vidole, akaviosha ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na alipogundua alivilamba tu akaendelea. Kicheko kilianza meza ya walimu bila sababu yoyote, kikavuka, kikamshika Careen hadi akapaliwa.

Elisante alijua Careen huogopa miiba. Akachambua mgebuka kwa vidole, taratibu, akapeleka pande la nyama kushoto kwake. Mkono ukalipokea. Akachambua jingine, nalo likapokewa. Alifurahi sana. Pande la tatu, akainamia upande ule na kunong'ona, "Kula polepole, mpenzi wangu, hili sijalimaliza miiba."

Mkono ukalipokea na hilo.

"Mwiba nimeuona," alisema Veronica. "Mpenzi wako kahamia kwa baba yake."

Elisante alitamani sakafu ipasuke. Lakini kando yake kitu kilianza kutetemeka, na kabla hajaelewa kwamba ni mama mkwe anayecheka, mzee Niyonzima alishaangusha kichwa mezani akilia kwa kicheko. Dereva wa lori aliomba aelezwe kilichotokea. Akaelezwa, naye akacheka hadi akaanguka na kiti chake.

Waliponyamaza, Veronica alimgeukia kijana, naye akajua amemgeukia kwa sababu sauti ilikuja karibu. Alimuuliza mama yake anaitwa nani, anaumwa nini siku hizi, na nani anamchotea maji. Alimuuliza kama atamhamishia Careen mbali. Hayo yote yangepaswa kupita kwa shangazi na wajomba. Elisante alijibu moja moja.

"Mwenye kuchambua samaki namna hii hatamwacha mwanangu na njaa," alisema Veronica. "Mimi nimekubali. Baba yake aseme ya kwake."

Mzee alisema angekubali tangu mchana, ila hakuna aliyemuuliza.

Epifania aliita kutoka uani kwamba jenereta imetengemaa, aiwashe? Ukumbi mzima, dereva pamoja nao, ukajibu kwamba bado. Veronica alikuwa akipapasa sinia kutafuta kichwa cha mgebuka, na Elisante, kwa heshima zote, alikuwa akimsogezea.